Samaki wa mdomo wa chini tuliyemvua Ruvuma, ni kapu au ningu? Na bwawani nifuge nani?

Kijana wa Nanyumbu:

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada maana hapa nyumbani tunabishana siku ya tatu sasa na ubishi umeshafika mpaka kwa majirani.

Iko hivi, juzi tulishuka mtoni Ruvuma mimi na mjomba, upande wa Masuguru huku Nanyumbu, maji yameshapungua yanapita kwenye miamba miamba tu, tukatega makila (zile nyavu za kusimamisha majini samaki anajinasa mwenyewe) jioni, asubuhi tukakuta perege wachache, kambale mmoja na samaki wanne ambao mimi sijawahi kuwashika. Mkubwa wao kama sentimita 30 hivi, nusu kilo hafiki. Mwili mrefu umeviringana, mgongo kijani cheusi, jicho lina wekundu kama limevilia damu, alafu mdomo uko chini kabisa sio mbele, yani mpaka umgeuze ndo unauona, midomo minene imekaa kama ya kunyonya. Pembeni ya mdomo kuna vindevu viwili vidogo mno, nusura nisivione.

Mjomba anasema huyo ningu tu, kamla toka mtoto. Rafiki yangu akampiga picha akaweka kwenye programu ya simu ikamwambia ni kapu, yule samaki anayefugwa China na Ulaya. Mke wangu naye wakati anampaa akakuta kinywani hamna jino hata moja ila kooni ndani kabisa kuna mifupa miwili imepinda kama mwezi mchanga na ina meno, akaogopa, akasema samaki wa meno ya kooni hapikwi humu ndani mpaka niulize watu.

Sasa kinachonipa haraka ni hiki. Nimechimba bwawa, mita 20 kwa 10, liko bondeni karibu na kijito kinachoingia Ruvuma, pesa ya korosho ya msimu uliopita yote iko pale. Kuna jamaa anapita na pikipiki anauza vifaranga, anasema ana vifaranga vya kapu, wanakua haraka na wanakula chochote. Nikawaza kama kapu yumo tayari humo mtoni si nivue tu mwenyewe nijaze bwawa bure? Nisaidieni, huyu ni nani, analiwa, na anafugika?

Fundi Makila:

Mkuu mjomba wako yuko sahihi, simu imekosea ila haijakosea mbali, ntakueleza.

Mimi mtu wa Musoma, niko Mtwara mjini mwaka wa 9 huu, nyavu nimeanza kushona kabla sijajua kusoma. Huyo uliyemwelezea ni ningu. Wataalamu kundi lake wanaliita Labeo, na huyo wa jicho jekundu wa mito ya huku pwani anaitwa Labeo cylindricus, yuko toka Kenya mpaka chini kabisa kusini, hakui sana, kilo moja ni shida kumpata. Kule kwetu ziwani tuna wa kwake, Labeo victorianus, naye tunamwita ningu.

Na kapu ni ndugu yake wa ukoo ndo maana simu ikachanganya. Ukitaka kuwatofautisha usihangaike na rangi, angalia pezi la mgongoni. Kapu pezi lake ni refu, linaanzia katikati ya mgongo linakwenda karibu na mkia, na mwiba wa mbele wa hilo pezi una meno kama msumeno, ukipitisha kidole unachanika na nyavu inanasa hapo hapo. Ningu pezi lake fupi limesimama kama tanga na halina msumeno. Alafu kapu ana ndevu nne zinaonekana, mbili kila upande, mdomo wake uko mbele na anaweza kuutoa nje kama mrija anapofyonza matope. Ningu mdomo uko chini kwa sababu yeye kazi yake ni kukwangua ule utelezi wa kijani kwenye mawe, ukienda pale miambani maji yakiwa masafi utaona jiwe lina mistari mistari, hapo amepita yeye.

Meno ya kooni shemeji asiogope. Ukoo wote huo ndivyo ulivyo, kinywani hamna kitu, meno yako kooni na chakula kinasagwa huko huko. Kapu anavunja mpaka konokono kwa meno ya koo. Tumbo la kuhifadhi chakula kama letu hawana, ni utumbo tu mrefu mrefu, na kwa ningu anayekula utelezi ndo mrefu zaidi, ukimpasua unaona umejikunja kama waya wa saa.

Ila nimeshtuka uliposema mmetega makila kwenye miamba. Ntarudi kwa hilo.

Kijana wa Nanyumbu:

Kweli mkuu nimeenda kumwangalia huyo mmoja aliyebaki, pezi fupi, msumeno hamna. Mjomba anatamba hapa kama kashinda kesi ya shamba. Nakusubiri hapo kwenye makila.

Bi Saada Mikindani:

Mwanangu mwambie mkeo ampike, asimtupe riziki. Mimi nauza chakula, samaki wa maji baridi naletewa na vijana wa Kitaya na Mahurunga, huyo namjua vizuri. Nyama yake tamu sana ila ana vimiba vile vya uzi vyenye panda, viko ndani ya nyama sio kwenye uti tu, mtoto mdogo usimpe hivi hivi.

Dawa ya hivyo vimiba ni kisu. Ukishampaa na kumsafisha mlaze ubavu, mchanje karibu karibu, nafasi ya punje moja ya mchele kati ya chanjo na chanjo, kisu kifike kwenye uti bila kuukata, ukikata utasikia kisu kinalia kwa vile vimiba vinavyokatika. Tia chumvi na ndimu, acha nusu saa, alafu mafuta yawe moto kweli kweli, vile vipande vya miba vinakauka unavitafuna bila kujua. Hapo ndo unamwaga tui lako na embe mbichi au ukwaju, unakula na ugali wa muhogo. Nimesikia kapu naye ana miba ya hivyo hivyo na huko Ulaya wanamchanja vile vile, sijashangaa maana ndugu ni ndugu.

Na jambo moja nawaomba wote mnaosoma, nyongo ya hawa samaki wa ukoo wa kapu msimeze. Kuna watu wanaamini nyongo ya samaki ni dawa ya macho na ya nguvu. Huko China na Vietnam watu wanalazwa hospitali figo zimegoma kwa sababu ya kumeza nyongo ya kapu mla majani, na kuipika hakuondoi sumu yake. Nina ndugu yangu ana shida ya figo ya mambo mengine kabisa, nimeona mateso yake, sitaki kuyaona kwa mtu mwingine kwa ajili ya nyongo. Itoe nzima nzima bila kuipasua, itupe mbali.

Bwawa la Kitere:

Mi naona kapu anasingiziwa humu kabla hajaongelewa. Nafuga perege na kambale hapa Kitere, nimesoma sana kuhusu huyu samaki na nakwambia hakuna samaki aliyelisha watu wengi kwa ufugaji kama ukoo wa kapu. Wachina wanafuga toka zaidi ya miaka 2,000. Utaalamu wao ni huu, bwawa moja wanaweka kapu wa aina nne tofauti na hawagombanii chakula, mla majani unamkatia nyasi, kinyesi chake kinarutubisha maji yanakuwa kijani, yule wa rangi ya fedha anachuja ule ukijani, kichwa kikubwa anachuja vidudu vidogo vinavyoelea, na mwingine anapekua matope chini. Chakula cha dukani kidogo sana. India nao wana rohu na katla na mrigali, mfumo huo huo. Sa hivi mtu wa Mtwara anayenunua chakula cha samaki kutoka Dar anajua uchungu wa bei, kwa hiyo huo ni mfumo wa kuangalia kwa heshima.

Kijana ukiwa na bwawa la mita 200 za mraba na ng'ombe wawili watatu wa kutoa samadi, kapu hatokuangusha.

Mwalimu wa Mabwawa:

Bwawa la Kitere nakuheshimu sana kaka, ulichosema kuhusu Wachina ni kweli tupu na mimi darasani nafundisha hivyo hivyo. Lakini wao wanafuga samaki wa mito yao wenyewe. Swali la huyu kijana ni bwawa lililoko bondeni, karibu na kijito, kijito kinaingia Ruvuma. Huko Nanyumbu mvua ikija kwa hasira Februari au Machi bwawa la bondeni linafurika, hilo sio la kubahatisha, na likifurika hao vifaranga wanatoka.

Kapu akitoka harudi. Jike moja kubwa linataga mayai laki kadhaa mpaka milioni na zaidi, anayabandika kwenye majani ya majini. Alafu namna yake ya kula ndo tatizo lenyewe, anafyonza tope, anachuja kilichomo, anatema tope, siku nzima. Maji yanakuwa kama chai ya maziwa, majani ya chini yanang'oka na hayapati mwanga, na sasa fikirieni ningu anayeishi kwa kukwangua utelezi wa kijani kwenye mawe, utelezi huo unaota wapi kama jua halifiki kwenye jiwe?

Haya sio ya kufikirika. Ziwa Naivasha jirani zetu Kenya, kapu alionekana humo 2001 na baada ya miaka michache tu ndo akawa samaki anayejaza mitumbwi kuliko wote. Sitaki kusema uongo, wavuvi wa pale wanapata riziki kwake. Lakini kwa miaka hiyo ziwa lilishakuwa lake. Australia mto Murray na Darling, kuna sehemu nyingi ukipima samaki wote kwa uzito zaidi ya nusu ni kapu, na serikali ya kule imehangaika miaka mingi bila kumtoa. Malawi walimleta miaka ya 1970, walipoona hatari kwa Ziwa Nyasa wakapiga marufuku kumfuga. Na Ruvuma ni mto wa nchi mbili, ukiachia huku umewaachia na ndugu zetu wa Msumbiji ambao hamkuwauliza.

Mfano wa nyumbani kabisa nenda Rutamba pale Lindi. Lile ziwa lina perege wake wa asili, wa aina ile ya Korogwe, samaki ambaye duniani yuko sehemu chache mno. Wakaja kuingizwa perege wengine wa kigeni, watafiti walipopima wakakuta wameshaanza kuzaa machotara. Walioingiza hawakuwa na nia mbaya, walitaka samaki waongezeke. Huwa naumia sana nikifikiria hilo ziwa maana ukimpoteza yule perege hakuna duka la kumnunua.

Kisheria pia, kuleta samaki hai wa kigeni kunahitaji kibali cha idara ya uvuvi, sheria ya uvuvi ya 2003 ipo. Huyo wa pikipiki muulize kibali na muulize vifaranga vimetoka wapi. Asipojibu vizuri mwache aende na umwambie afisa uvuvi wa halmashauri.

Bwawa la Kitere:

Hapo kwenye bwawa la bondeni nimekuelewa mwalimu, sikusoma vizuri alipoandika kijito. Bwawa lenye njia ya kwenda mtoni nisingeweka kapu hata mimi. Nafuta ushauri wangu kwa huyu kijana.

Fundi Makila:

Nimerudi. Nilisema nimeshtuka na makila miambani, sababu ni hii.

Ningu wa Ziwa Victoria alikuwa samaki wa heshima. Babu yangu alikuwa anasema mvua za kwanza zikinyesha mito ikatapika maji mekundu ziwani, ningu wanatoka ziwani kwa makundi kupanda mtoni kutaga, Kagera, Nzoia, Mara, na sherehe za watu zilikuwa zinasubiri huo msimu. Zilipokuja nyavu za makila watu wakaenda kuzitega mdomoni mwa mto, pale pale anapoingia, wakawa wanamkamata na mayai tumboni. Kufika miaka ya 1950 na 1960 uvuvi wa ningu ukawa umeanguka. Watu wanasema sangara ndo kamaliza samaki wetu, kwa wengi ni kweli, lakini ningu alishaumizwa kabla sangara hajatapakaa. Mimi kwa umri wangu wote ziwani ningu mkubwa nimewahi kuwaona wa kuhesabu kwa vidole.

Alafu mjue na dagaa wa Mwanza mnaowala hapa Mtwara nao ni wa ukoo huu mpana wa kapu na ningu. Dagaa wa Kigoma sio, wale ndugu zao ni samaki wa baharini kama wale wanaoitwa simu na saladini. Ndo maana dagaa wa Mwanza ukimwangalia kwa makini na wa baharini hamfanani ingawa jina ni moja. Usipa wa Ziwa Nyasa naye ni wa ukoo huu, na mbasa pia. Kwa hiyo mtu anayesema ukoo wa kapu ni wageni kwetu hajui, ukoo ni wetu toka zamani, mgeni ni yule kapu mwenyewe.

Mzee Lukuledi:

Wanangu nimesoma yote, naomba nichangie kidogo, mjukuu ananisaidia kuandika.

Nimekulia chini ya Ndanda, mto Lukuledi tulikuwa tunauchezea. Desemba mvua zikianza, maji yakija ya kwanza, tulikuwa tunakimbilia kwenye mwamba mmoja wenye maporomoko madogo kuangalia hao samaki wanapanda. Hawaruki. Wanapanda. Anajibandika kwenye jiwe lenye unyevu kwa ule mdomo wake wa chini, anajisukuma na mapezi ya kifuani, anatulia, anajisukuma tena, jiwe limesimama kama ukuta na maji yanapita juu yake kidogo tu. Wamo wengi mwamba mzima unacheza. Mtoto hajui njaa ya kesho, tulikuwa tunawachuma kwa mkono kama tunachuma embe tunajaza vikapu.

Wakubwa nao wengine walikuwa wanatia utupa, ule mmea wa kulevya samaki, kwenye vidimbwi vya chini, pale samaki wanapopumzika kabla ya kupanda. Ile utupa hauchagui, mkubwa na kifaranga wote wanalewa wanaelea. Bibi yangu alikuwa anakataza, anasema samaki anayepanda ana mimba, mwacheni apite, mle akishuka. Hatukumsikia. Nimepita kwenye ule mwamba miaka kadhaa iliyopita msimu huo huo wa maji ya kwanza, nikakaa mpaka jua linazama. Sikuona hata mmoja.

Kijana nakuomba kama huko kwenu bado wanapanda, hiyo ni mali kubwa kuliko bwawa lako.

Mwalimu wa Mabwawa:

Mzee wangu shikamoo. Ulichokiona ndivyo alivyo huyu wa jicho jekundu, ni mpandaji wa miamba na hata kuta za mabanio ya maji anapanda zikiwa na unyevu. Kwenye vitabu kimeandikwa kwa mistari miwili, wewe umekieleza vizuri kuliko nilivyowahi kukieleza darasani.

Kijana naongezea kwako. Ningu bwawani hafai kwa kufuga, usihangaike kumhamisha, anataka maji yanayotembea na mawe ya kukwangua, na kutaga kwake kunasubiri mafuriko, kwenye bwawa la maji yaliyosimama utamdumaza tu. Perege wa huko huko mtoni kwenu weka, na kambale wachache baadaye wa kupunguza vifaranga vya perege maana wakizaana sana wote wanabaki vidole. Kama unataka vifaranga vya uhakika kuna kituo cha Ruhila Songea, waeleze uko bonde la Ruvuma, usichukue perege wa kigeni kwa sababu ile ile ya Rutamba. Ushauri wa bure unaweza kuupata FETA, chuo cha uvuvi, pale Mikindani ukishuka mjini. Inua kingo za bwawa angalau hatua moja juu ya alama ya mafuriko ya mwaka mbaya kuliko yote, wazee wa kijiji watakuonyesha maji yalifika wapi, na bomba la kutolea maji lizibe kwa wavu wa matundu madogo.

Bi Saada Mikindani:

Mzee Lukuledi umeniliza na hizo habari za bibi. Mimi kuanzia msimu huu samaki mwenye mayai wa maji ya kwanza sinunui, vijana wangu wa Kitaya ntawaambia leo leo, watanung'unika lakini wananisikiliza.

Kijana wa Nanyumbu:

Wakuu asanteni sana, shikamoo mzee Lukuledi na Bi Saada.

Jana tumempika kama Bi Saada alivyoelekeza, mke wangu kachanja mwenyewe na mkono wake mwepesi, watoto wakubwa wamekula bila kukwama na miba. Yule wa pikipiki kapita leo nikamuuliza kibali, akasema atakuja nacho wiki ijayo, nikamwambia basi na mimi nitakuwa na afisa uvuvi hapa tumsubiri pamoja. Akacheka akawasha pikipiki. Kingo za bwawa naanza kuziinua wiki hii kabla udongo haujakauka sana.

Mjomba nimemsomea maneno ya mzee. Alikaa kimya kidogo alafu akasema ule mwamba tuliotega makila anaujua toka ana miaka saba, na kweli wanapanda pale, mwaka jana walipanda ila wachache. Akasema maji ya kwanza yakija pale hatutegi, na wale vijana wawili wa ng'ambo ya kijito wanaotega pia atawafuata mwenyewe kwa sababu mmoja ni mtoto wa dada yake na hawezi kumkatalia. Makila tunayahamishia chini kwenye maji mapana ambako perege ndo wengi.

Desemba ntakaa pale mwambani. Wakipanda ntapiga picha niwawekee hapa, na mzee Lukuledi nakuomba mjukuu akuonyeshe.

Mzee Lukuledi:

Atanionyesha. Ukae upande wa juu wa mwamba, sio chini, na usikanyage kanyage wala kupiga kelele. Wale wanasikia kuliko samaki wengi.

Fundi Makila:

Ni kweli mzee. Ukoo wote wa kapu, na kambale pia, wana vifupa vidogo vinaunganisha kibofu cha hewa na sikio, kibofu kikitikisika kwa mshindo sikio linapata habari. Kijana nenda peku, na angalia mamba.